Gramsci: Mwanaisimu Aliyeng'amua Siri ya Utawala

Tunapozungumzia utawala, aghalabu fikra zetu huenda moja kwa moja kwa askari, mahakama, jela na kodi. Vyombo hivyo vipo, na madhila yake yajulikana. Hata hivyo, historia yatufunza kwamba dola isiyo na silaha nyingine ila rungu haichelewi kuporomoka. Utawala udumuo hukaa vinywani mwa wanaotawaliwa: katika maneno wanayoyatumia bila kuyahoji, katika gazeti wanalolifungua kila asubuhi, katika lugha wanayoihusudu na ile wanayoionea haya. Katika karne ya ishirini, mtu aliyelichambua jambo hili kwa undani kuliko wengi alikuwa Antonio Gramsci, Mwitalia aliyefariki mwaka wa 1937 akiwa na umri wa miaka 46, baada ya kuwa mikononi mwa serikali ya Benito Mussolini kwa zaidi ya miaka kumi.

Walimu wa fasihi humtaja Gramsci wanapofundisha nadharia ya Umaksi, na wanafunzi wa sayansi ya siasa huikariri istilahi yake ya hejemonia unapokaribia mtihani. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba mtu huyu alisomea isimu, na kwamba fikra zake juu ya utawala zilichipuka katika udongo wa taaluma ya lugha. Dai la makala haya ni kwamba maisha yake hayaeleweki vyema pasipo kuanzia hapo. Tena kwamba somo muhimu zaidi alilotuachia lawahusu walimu wa lugha kabla ya kuwahusu wanasiasa.

Gramsci alizaliwa tarehe 22 Januari 1891 katika mji mdogo wa Ales, kisiwani Sardinia, akiwa mtoto wa nne kati ya saba. Babake, Francesco, alikuwa karani wa serikali aliyetoka Italia bara, katika ukoo wenye asili ya Albania. Mamake, Giuseppina Marcias, alikuwa mwenyeji wa kisiwa. Sardinia ya wakati huo ilikuwa nchi ya wakulima wadogo, wachungaji na wachimba migodi, nao walizungumza Kisardinia, lugha yenye sarufi na msamiati wake ambayo wanaisimu huitenga na Kiitaliano. Serikali, mahakama na shule, kwa upande mwingine, zilizungumza Kiitaliano. Mtoto huyu basi alilelewa kwenye mpaka wa lugha mbili: moja ya jikoni na malishoni, nyingine ya ofisini na darasani.

Dhiki ilimwandama mapema. Mwaka wa 1898 babake alikamatwa kwa tuhuma za ubadhirifu wa fedha, akafungwa hadi mwaka wa 1904. Mama aliachwa na watoto saba, akawalisha kwa kushona nguo na kwa kuuza kipande cha ardhi alichokuwa nacho. Antonio mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa uti wa mgongo uliomfanya kuwa na kibiongo, na hata alipokuwa mtu mzima kimo chake hakikufika mita moja u nusu. Alipomaliza shule ya msingi, ijapokuwa alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora, hakuweza kuendelea. Aliajiriwa katika ofisi ya kumbukumbu za ardhi mjini Ghilarza, akawa akibeba majalada mazito kwa saa kumi kila siku, kwa ujira usiotosha kitu. Miaka miwili ilipita hivyo kabla ya kurudi shuleni. Mtu aliyeandika baadaye juu ya watu wa tabaka la chini hakuwasoma vitabuni peke yake.

Mwaka wa 1911 Gramsci alishinda nafasi ya ufadhili iliyotengewa wanafunzi maskini wa Sardinia na sehemu nyingine za ufalme wa kale wa Savoy, akavuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha Turin, kaskazini mwa Italia. Huko alijiandikisha katika kitivo cha fasihi, na muda si muda akawa kipenzi cha Matteo Bartoli, profesa wa isimu. Bartoli alichunguza jinsi maneno na matamshi yanavyosafiri kutoka eneo moja hadi jingine. Kwa maoni yake, mabadiliko ya lugha hayaenei kwa sheria za kimaumbile kama ilivyodhaniwa na wanaisimu wengi wa kizazi kilichomtangulia. Huanza mahali penye hadhi, yakaigwa na wale wanaokionea fahari kitovu hicho, huku sehemu za pembeni, mathalan kisiwa cha Sardinia, zikihifadhi maumbo ya kale ya Kilatini. Gramsci akawa mtafiti msaidizi asiye na cheo. Aliandika barua nyumbani akiuliza jinsi maneno fulani yanavyotamkwa kijijini, akanakili mihadhara ya mwalimu wake, na Bartoli akatumaini kwamba kijana huyu angekuja kuwa nguzo ya taaluma.

Hapa ndipo mbegu ilipopandwa. Mtu anapoiacha lahaja yake akaiga ya mji mkuu, hakuna askari aliyemshikia bunduki. Ameiga kwa hiari. Lakini hiari hiyo imetengenezwa na hali ambayo si yeye aliyeiunda. Upande mmoja una fedha, vyeo, shule na magazeti, upande wa pili hauna. Kuiga kwake ni ridhaa, na ridhaa hiyo ni zao la nguvu zisizolingana. Wanaisimu wa Italia walikuwa tayari na maneno ya kulielezea jambo hili katika lugha. Gramsci alilivusha kutoka isimu hadi siasa.

Ili msomaji aone kwa nini hoja hii ilimgusa Mwitalia wa enzi hizo, hapana budi tutazame nchi yenyewe. Italia iliunganishwa kuwa taifa moja mwaka wa 1861. Wakati huo zaidi ya robo tatu ya raia wake hawakujua kusoma wala kuandika. Mwanaisimu Tullio De Mauro alikadiria kwamba waliokimudu Kiitaliano hawakuzidi watu wawili u nusu katika kila mia. Wataalamu wengine baadaye waliipandisha hesabu hiyo hadi karibu watu kumi katika mia. Kwa vyovyote vile, taifa lilikuwa limeundwa kabla ya lugha yake kujulikana na raia. Mwaka wa 1868 mwandishi mashuhuri wa riwaya, Alessandro Manzoni, aliishauri serikali ichukue lugha ya mji wa Florence, iitungie kamusi, na kuwatawanya walimu wa Toscana nchini kote ili waifundishe. Mwaka wa 1873 mwanaisimu Graziadio Ascoli alimpinga. Alishikilia kwamba lugha ya taifa haiamriwi kutoka juu. Huzaliwa pale watu wa sehemu mbalimbali wanapofanya kazi, kusoma na kufikiri pamoja. Ugomvi huo ulifundishwa katika vyuo vikuu kama habari ya lugha. Gramsci aliuona kuwa habari ya utawala: nani ataliunda taifa, na kwa manufaa ya nani.

Msimamo huo aliudhihirisha mwaka wa 1918, pale baadhi ya wenzake katika Chama cha Kisoshalisti walipotaka chama kiikubali rasmi Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili iwe ya ulimwengu mzima. Gramsci aliandika kuwapinga, na hoja yake ilikuwa ya mwanaisimu. Lugha moja ya walimwengu, alisema, haiwezi kutangulia maisha ya pamoja ya walimwengu hao. Kuibuni chumbani na kuwagawia watu ni kurudia kosa la Manzoni kwa kiwango kikubwa zaidi.

Lakini wakati huo alikuwa ameshauacha usomi rasmi. Umaskini, baridi ya Turin na maradhi vilikuwa vimemchosha; mtihani wake wa mwisho aliufanya mwaka wa 1915, na shahada hakuipata. Akageukia uandishi wa habari. Aliandika katika gazeti la chama liitwalo Avanti! na katika jarida la Il Grido del Popolo: habari za mitaa, tahakiki za michezo ya kuigiza, kejeli dhidi ya wanasiasa. Alimwandikia Pirandello tahakiki nzito kabla dunia haijamtambua mtunzi huyo.

Gramsci hakuliona gazeti kuwa chombo cha kupashana habari tu. Mwaka wa 1916 aliwahimiza wafanyakazi wasiyanunue magazeti ya mabwanyenye. Hoja yake ilikuwa rahisi. Kila siku mfanyakazi hutoa sarafu yake na kuikabidhi kwa mtu anayempiga vita. Gazeti hilo huchagua tukio gani litajwe na lipi linyamaziwe. Mgomo ukitokea, huwaita wagomaji wahuni, na maandamano yakifanywa, huyaita ghasia. Msomaji hulipokea neno hilo, akalitumia nyumbani, na mwishowe akajitazama mwenyewe kwa macho ya adui yake. Mwalimu yeyote anayefundisha uchambuzi wa matini leo anaweza kuianza kazi yake hapo.

Tarehe 1 Mei 1919 Gramsci na rafiki zake, miongoni mwao Palmiro Togliatti, walianzisha jarida lao, L'Ordine Nuovo, lililokuwa sauti ya mabaraza ya wafanyakazi katika viwanda vya magari vya Turin. Mwaka huo huo kulitokea jambo ambalo hakulisahau maishani. Serikali, kwa kuhofia mgomo mkuu, ilileta mjini Turin kikosi cha Sassari, kilichoundwa na wanajeshi kutoka Sardinia. Wengi wao walikuwa watoto wa wakulima na wachungaji. Walikuwa wamejazwa fikra kwamba wafanyakazi wa kaskazini ni mabwana wanaoishi kwa starehe na kulalamika bure. Gramsci na Wasardinia wenzake waliokuwa mjini walianza kuzungumza nao kwa Kisardinia, lugha ya nyumbani. Mazungumzo hayo yalianza kwa habari za vijiji, yakaishia katika habari za mishahara. Mwezi wa Julai, kabla ya mgomo kuanza, kikosi kile kilihamishwa Turin usiku. Wakubwa hawakukiamini tena.

Kisa hicho chastahili kutafakariwa. Serikali ilikuwa imetegemea utengano wa watu wa kaskazini na wa kusini, utengano uliolishwa na magazeti na hata na wanazuoni walioandika kwamba watu wa kusini ni duni kwa maumbile. Lugha iliyodharauliwa, isiyofundishwa katika shule yoyote, ndiyo iliyoutoboa ukuta huo. Mwaka wa 1926 Gramsci aliandika tasnifu ndefu juu ya suala la kusini mwa Italia akikirejelea kisa hiki. Hakuwahi kuimaliza, kwa sababu alitiwa nguvuni.

Baina ya miaka hiyo siasa ilimchukua mzima mzima. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Kikomunisti cha Italia mjini Livorno, Januari 1921. Mwaka wa 1922 alitumwa Moscow, na huko alikutana na Julia Schucht, aliyekuja kuwa mkewe na mama wa wanawe wawili. Mdogo wao hakuwahi kumwona. Mussolini alitwaa uongozi wa serikali mwezi wa Oktoba mwaka huo. Tukumbuke kwamba Mussolini naye alikuwa mwanahabari: alikuwa mhariri wa Avanti! kabla ya kufukuzwa chamani mwaka wa 1914 na kuanzisha gazeti lake mwenyewe. Alizijua nguvu za kalamu, na kwa hiyo alizifunga za wengine. Gramsci alirudi Italia mwaka wa 1924 baada ya kuchaguliwa mbunge, mwaka uleule lilipoanzishwa gazeti la L'Unità kwa pendekezo lake. Hotuba yake moja tu bungeni aliitoa Mei 1925. Tarehe 8 Novemba 1926 alikamatwa, kinga yake ya ubunge ikiwa haikuthaminiwa, na Juni 1928 mahakama maalumu ikamhukumu kifungo cha miaka 20, miezi 4 na siku 5. Inasimuliwa kwamba kiongozi wa mashtaka aliitaka mahakama iuzuie ubongo huo usifanye kazi kwa miaka ishirini.

Katika lengo hilo serikali ilishindwa. Mapema mwaka wa 1929, katika gereza la Turi karibu na Bari, aliruhusiwa kuwa na karatasi na kalamu, akaanza kuandika tarehe 8 Februari. Ni jambo la kuvutia kwamba miongoni mwa kazi zake za mwanzo mle gerezani zilikuwa tafsiri: hadithi za ndugu Grimm, na kitabu cha Mjerumani Finck juu ya familia za lugha za dunia. Alijaza madaftari zaidi ya thelathini. Rafikiye Piero Sraffa, mwanauchumi wa Cambridge, alimfungulia hesabu katika duka la vitabu mjini Milan ili asikose cha kusoma. Shemejiye, Tatiana Schucht, ndiye aliyemwandikia, kumtembelea na kumpelekea mahitaji. Meno yalimng'oka, usingizi ukamtoka, kifua kikamdhoofisha. Kalamu haikukoma hadi mwaka wa 1935.

Swali lililomkereketa katika madaftari hayo lilikuwa hili: kwa nini mapinduzi yaliyofaulu Urusi mwaka wa 1917 yalishindwa katika nchi za magharibi mwa Ulaya? Jibu lake ndilo lililompa umaarufu. Katika nchi hizo, alisema, serikali na askari wake ni kama handaki la mbele tu. Nyuma yake zipo ngome nyingi: shule, kanisa, vyama, magazeti, maktaba, majumba ya michezo, hata majina ya barabara. Humo ndimo raia wanamofunzwa kuiona hali iliyopo kuwa ya kawaida na ya haki. Tabaka tawala halitumii nguvu pekee. Huongoza pia kwa kuyafanya maslahi yake yaonekane kuwa ya taifa zima. Uongozi huo wa kuridhiwa, ukiungwa mkono na nguvu zilizowekwa akiba, ndio alioueleza kwa istilahi ya hejemonia. Na anayetaka kuuondoa hana budi kupigana vita vya muda mrefu ndani ya ngome hizo, akijenga lugha, mawazo na wasomi wa tabaka lake kabla ya kufikiria kuiteka ikulu.

Ngome mojawapo aliyoipekua ni ile ya hadithi za mfululizo magazetini. Alijiuliza kwa nini makabwela wa Italia walizipenda riwaya za Kifaransa za akina Dumas kuliko vitabu vya waandishi wao wenyewe. Hakuwacheka wasomaji hao. Kosa aliliona kwa wasomi wa Italia, walioandika kwa ajili yao wenyewe, kwa lugha na hisia ambazo umma haukuzishiriki. Pengo waliloliacha likajazwa na wageni. Taifa ambalo wasomi wake hawazungumzi na watu wake, alihitimisha, liko chini ya uongozi wa kifikra wa taifa jingine, hata kama lina bendera yake.

Daftari lake la mwisho, la mwaka wa 1935, lahusu sarufi. Mtu aliyekuwa akikaribia kufa aliirejea taaluma ya ujana wake, na aliyoyaandika humo yafaa yasomwe na kila mwalimu wa lugha. Alitofautisha sarufi ya aina mbili. Ipo ile anayojijengea kila mzungumzaji bila kufunzwa, na ipo sarufi elekezi, inayowekwa na jamii kupitia kusahihishana, kuulizana na kuchekana, hatimaye ikaandikwa vitabuni. Hii ya pili, kwa maoni yake, sikuzote ni tendo la kisiasa, kwani anayeiweka huchagua lahaja ya nani iwe kipimo cha wote. Na kila mara suala la lugha linapozuka katika nchi, akaonya, tujue kwamba yapo masuala mengine yanayojitokeza nyuma yake: tabaka tawala linajipanga upya, linatafuta namna mpya ya kuhusiana na umma.

Mtu angetarajia kwamba mwanamapinduzi mwenye fikra hizo angetaka sarufi elekezi ifutwe shuleni. Hapa ndipo Gramsci anapotushangaza. Mageuzi ya elimu ya mwaka wa 1923, yaliyoongozwa na mwanafalsafa Giovanni Gentile, waziri wa Mussolini, yalifuata falsafa iliyoidunisha sarufi na kumtaka mtoto ajieleze kwa uhuru. Gramsci aliyapinga. Mtoto wa wakili, alieleza, huisikia lugha sanifu mezani kwao tangu akinyonya; sarufi isipofundishwa hapotezi kitu. Mtoto wa mchungaji hana mahali pengine pa kuipata ila darasani. Kuiondoa sarufi kwa jina la uhuru ni kumfungia mtoto huyo nje ya magazeti, mahakama na bunge, kisha kumwambia kwamba yu huru.

Wala hakuidharau lugha ya mama. Mnamo Machi 1927, akiwa mahabusu, alimwandikia dada yake mdogo Teresina akimsihi awaache watoto wakizungumze Kisardinia watakavyo. Lilikuwa kosa, alisema, kumnyima mtoto mwingine wa ukoo wao lugha hiyo. Aliiona lugha ya kwanza kuwa chimbuko la ubunifu wa mtoto, isiyomzuia kujifunza nyingine. Kwake mambo haya mawili hayakupingana: mtoto wa maskini ana haki ya lugha ya mamake, na ana haki ya kufundishwa ipasavyo lugha ya utawala. Kumnyima moja kati ya hizo ni kumdhulumu. Serikali ya kifashisti ilifanya kinyume. Ilizizima shule za Kijerumani na Kislovenia katika maeneo ya mpakani, na baadaye ikazipiga vita lahaja na maneno ya kigeni magazetini.

Nguvu ya ridhaa aliyoieleza ilidhihirika karibu na kitanda chake. Mwezi wa Agosti 1935 alihamishiwa zahanati moja ya Roma, hoi. Mnamo Oktoba majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia, jirani yetu. Magazeti na redio vilikuwa vimeutayarisha umma, na vikwazo vya kiuchumi vilipowekwa, tarehe 18 Disemba wanawake wa Italia, kuanzia malkia, walijitokeza hadharani kuitolea serikali pete zao za ndoa. Walikuwemo maskini wasiokuwa na dhahabu nyingine yoyote. Hakuna bunduki iwezayo peke yake kumvua mjane pete kwa namna hiyo. Na bomu na gesi ya sumu vilivyowaangukia Waethiopia vililipiwa kwa sehemu na ridhaa hiyo.

Kifungo chake, kilichokuwa kimepunguzwa, kilikwisha tarehe 21 Aprili 1937. Alifariki siku sita baadaye, tarehe 27. Tatiana aliyaokoa madaftari, yakafika Moscow, na baada ya vita yakachapishwa Italia kati ya 1948 na 1951. Hata hapo chama chake mwenyewe kiliyapanga kwa namna kilivyotaka, na katika barua zake zilizotoka mwaka wa 1947 baadhi ya mambo yaliyokisumbua chama yaliachwa nje, yakarejeshwa katika toleo la 1965. Chapa kamili ya madaftari iliyofuata mpangilio wake wa asili ilitoka mwaka wa 1975. Aliyefichua jinsi vyama na magazeti yanavyochuja maneno, naye yalimpata.

Hatuna haja ya kumgeuza mtakatifu. Alibaki mkomunisti hadi mwisho, na imani yake kwamba chama kimoja chaweza kuwa mwalimu wa taifa zima ina hatari ambazo karne ya ishirini ilizionyesha waziwazi. Madaftari yake ni vipande vipande, na kila kundi limechota humo lilichokitaka. Lakini chombo alichokiunda kimewafaa watu wa nchi nyingi: Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika, alikitumia kuchunguza vyombo vya habari vya Uingereza, na wanahistoria wa India wakiongozwa na Ranajit Guha walikitumia kuiandika historia ya wakulima.

Nasi je? Mwaka wa 1928, Gramsci alipokuwa akihukumiwa, kikao kilifanyika Mombasa kikakichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikawekwa kando. Mwaka wa 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia, mikononi mwa maofisa na wamishonari wa Kizungu. Sarufi elekezi tunayoifundisha ina historia ya nani aliyekuwa na kiti na nani aliyekosa. Katiba ya 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na ya lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na yataka lugha za wenyeji zikuzwe. Ni jambo jema. Lakini Ascoli alimjibu Manzoni zamani kwamba lugha haikui kwa tangazo, na Gramsci akaeleza ni kwa nini. Mzazi anayemkaripia mwanawe kwa kusema lugha ya nyumbani hajalazimishwa na sheria yoyote. Ameangalia kazi zipo wapi, kesi zaamuliwa kwa lugha gani, gazeti gani laheshimiwa ofisini, kisha akaridhia.

Kumlaumu mzazi huyo hakutamgeuza. Kazi iliyo mbele ya walimu ni ile ya ngome kwa ngome: kumfundisha mwanafunzi sarufi sanifu kwa ukamilifu pasipo kumvunjia heshima lugha ya mamake; kumfunza kulisoma gazeti, hili likiwamo, akiuliza nani amelichagua neno na kwa nini; na kuandika, kwa lugha ambazo watu wetu wanazisema, mambo yanayostahili kusomwa. Ni kazi ya polepole, nayo yahitaji subira ya aliyejaza madaftari gerezani bila kujua kama yangesomwa.